Mstari wa Tatu wa Bi Penseli

Bi Penseli alikuwa amekataa kupasuliwa macho, na binti yake akanipigia simu mimi. "Dada, mimi kanichosha. Daktari kasema huyu mtoto wa jicho akiachwa hivihivi, mama ataishia gizani. Njoo umsemeze, wewe anakusikiliza." Anisikilize wapi. Mwanamke huyu hakuwahi kumsikiliza hata mkuu wa shule. Lakini nilivua buti zangu za kazini, maana mimi ni mpima ardhi na matope ndiyo marashi yangu, nikaenda.

Alinifundisha jiografia. Halafu Ijumaa, kipindi cha mwisho, wakati roho ya kila mtu imeshatoka getini, alikuwa na kile kipindi walimu wenzake walichokikwepa: stadi za maisha. Kwake somo lilikuwa moja tu, kuamua. Mfuko wa gauni lake ulijaa vipande vya penseli. Ukiwa na jambo linalokutatiza, anakukatia karatasi, unaandika mistari mitatu: nataka nini, naogopa nini, sijamuuliza nani. Kwa penseli. Unalala nayo. Asubuhi, kama bado unakubaliana na maneno yako, unapitisha wino juu yake. Kukuamulia, hakuamulii ng'o. "Nikikuamulia leo," alikuwa akisema, "kesho utataka nikuchagulie mume, halafu akikushinda unirudishie."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka yakanifika.

Nilikuwa kidato cha tatu mama alipovunjika mkono. Mama ni fundi cherehani, na mimi na wadogo zangu watatu tulikula kwa cherehani ile. Nikaamua kuacha shule nikashone. Nikaandika harakaharaka: nataka mama apumzike, naogopa wadogo zangu watalala njaa. Mstari wa tatu nikaandika "hakuna". Bi Penseli akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mwenye mkono umemuuliza?"

Nilikasirika, sikufichi. Nikamwona hana huruma. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamuuliza mama kwa shari tu, ili kesho nikamwambie mwalimu nimeshauliza. Mama akaweka kikombe chini.

"Kumbe umeshanizika na mimi nipo. Kilichovunjika ni mkono, ulimi mzima. Nitapima, nitaelekeza, mke wa jirani atashona. Wewe jioni utanitungia uzi kwenye sindano. Asubuhi nikuone shule." Akaendelea na chai yake.

Kulipokucha nilifuta karatasi yote kwa ufutio, nikaandika "nabaki", kwa wino. Ndiyo maana leo nina buti hizi, na kila nikisimamisha kifaa changu shambani huwa namshukuru mwalimu yule mkorofi.

Basi nilimkuta jikoni anachambua mchele kwa kupapasa, vidole vinatafuta mawe ambayo macho hayayaoni tena.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimetumwa."

"Nimeshaamua. Karatasi ipo juu ya kabati, kasome uende zako."

Nikaisoma. Herufi zilikuwa zimepandana. Nataka kuona. Naogopa wakinigusa, hata huu mwanga kidogo utaondoka. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Na yote kwa wino mzito mweusi.

Hapo hasira zikanipanda. "Miaka yote hiyo unatutesa na penseli, leo wewe mwenyewe unaanza na wino?"

Hakuinua kichwa. "Penseli siioni, mwanangu."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikakaa kwenye kigoda, nikalia, naye akaniacha nilie. Nilipojifuta nilitaka kumwambia twende hospitali sasa hivi, nikaumeza ulimi. Angenifukuza, na ingekuwa haki yake.

"Huu mstari wa tatu mbona mtupu?" nikasema. "Mwenye jicho lililopasuliwa umemuuliza?"

Vidole vyake vikasimama. Mlinzi wa shule alipasuliwa mwaka jana, macho yote mawili, na mwalimu alilijua hilo kama sisi sote. Nikampigia mlinzi, nikaweka spika. Mzee yule akamweleza taratibu: ganzi, nusu saa hivi, jicho linafunikwa, siku mbili linawasha. "Niliogopa kuliko wewe, Bi Penseli. Sasa nawaona mpaka wanaoruka ukuta. Nenda kapasuliwe, halafu uje tutazamane tulivyozeeka."

Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Lakini hakusema ndiyo. Alisema atalala nayo, na mimi nikarudi kwangu bila kumsukuma. Asubuhi binti yake akapiga simu: mama kashavaa, yuko mlangoni, anauliza mnachelewa nini.

Siku ya kufunguliwa jicho la kwanza nilikuwepo. Nesi alipoondoa pamba, nilimpa mwalimu karatasi niliyoiandika kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Binti yake alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Asante, mwalimu," akasoma.

Akapapasa mahali mfuko wa gauni lake ungekuwa, akakuta shuka la hospitali, akamgeukia nesi. "Mwanangu, niazime kalamu ya wino." Alipopewa, akanipa mimi pamoja na karatasi yangu.

"Hii usilale nayo," akasema. "Pitisha sasa hivi."