Zoezi la Herufi Kubwa

Juzi, kwenye duka la fotokopi Darajani, mbele yangu alisimama mwalimu wa skuli ya msingi na karatasi ya zoezi.

"Nikuzie herufi, mwanangu. Nakala arubaini."

Binti wa mashine akashangaa. "Kwani wote hawaoni, mwalimu?"

"Alikuwepo mmoja. Lakini nimetoka mafunzoni, tumeambiwa somo litayarishwe tokea mwanzo limfae kila mtoto. Ukimpa peke yake karatasi kubwa, wenziwe watamcheka."

"Alikuwepo? Kahama?"

Mwalimu akatazama sakafu. "Mwaka mzima nilimwandikia kwenye ripoti kuwa ni mvivu, hanakili ubaoni. Babake akamtoa skuli. Jana nilikwenda kwao Jang'ombe kumtaka radhi. Babake akaniuliza, 'Si wewe uliyesema hawezi?' Akafunga mlango."

Binti akaipokea karatasi. Akabonyeza mashine.

"Labda yupo mwengine," mwalimu akasema taratibu, "na sijamjua."

Nilirudi nyumbani nikafungua kabati la ripoti za wanangu. "Mzito." "Hajitumi." Zote nilizitia saini, na kwa mbili nilitandika mtu bakora. Sikuwahi kumuuliza mtoto hata mmoja kama anaona ubao.