Rangi nyekundu juu ya ngozi ya ngoma yangu

Mutu apake ngoma yangu rangi ya bwato, ile ya mitumbwi, kisha aniite MIMI mwongo?!

Leo asubuyi Papa Musonda, mukubwa wa kwaya kule Puta, ananirudishia ngoma nilimuchongea.

"Imekufa sauti. Ulitudanganya!"

Naangalia. Ngozi yote nyekundu, inang'aa kama bwato mupya.

Bandugu, ngozi ya mbuzi tunaipasha moto ndiyo ilie. Ukiiziba na rangi, italia na nini?

"Batu banapenda yenye kung'aa," anasema. "Fundi wa Chienge anazipaka zote. Hata isipolia, bataiona."

Bon. Nikaingia ndani, nikatoa ndoo yetu nyekundu ya maji, nikamuwekea mu mikono.

"Kamata, Papa. Hii nayo bataiona."

Niko mubaya? Semeni!