Ukuta wa Maliwali

Ofisini kwa liwali wetu wametundika historia ya ofisi: picha za maliwali wote. Juzi niliwapelekea ya marehemu mke wangu, aliyesomea upigaji chapa Unguja, akarudi akawapigia barua maliwali watatu.

“Mzee wangu, ukuta huu ni wa maliwali tu,” akasema msimamizi, akinirudishia picha kwa ncha za vidole.

“Na huyu aliyeshika dele la kahawa?” nikauliza, nikimwonyesha picha ya mtumishi pale pale ukutani.

“Huyo ni turathi, ammi.”

Kumbe kumimina kahawa ni historia, kuandika barua si kitu. Katikati ya ukuta wametundika barua ya zamani ya Kiingereza. Chini, pembeni, zimo herufi mbili za jina la mpiga chapa, kama ilivyokuwa desturi. Ni za mke wangu. Sikumwambia msimamizi, asije akaishusha na hiyo.