Kanga ya Mke wa Mwenyekiti

Je, yule mwimbaji alijua ile kanga imeandikwa nini? Shangazi aliniuliza hivyo mimi, msomi wa ukoo, mara tulipotoka ukumbini.

Nilikuwa nimerudi Ujiji likizo kutoka chuo kikuu, nimechoka kwa safari ya treni, nimechoka zaidi kwa hotuba. Mwaka ule vijana wa chama walikuwa wakiwinda sketi fupi na suruali za kubana. Mwanamume alitumbukiziwa chupa ya soda ndani ya suruali; ikikwama mguuni, suruali inachanwa palepale. Ujamaa niliuunga mkono. Sikuelewa tu umefikaje kwenye magoti ya watu.

Ndipo ikaja bendi kutoka ng'ambo ya ziwa, na mwimbaji wake mwanamke. Picha yake ilibandikwa ukutani: wigi, gauni linalometameta, mapaja nje. Hadi adhuhuri nusu ya mji ilikuwa inamlaani na nusu inatafuta tiketi. Wengine walifanya yote mawili.

Shangazi alikuwa akipangisha vyumba, na mwimbaji alifikia kwake. Hakusema Kiswahili, ila Kifaransa tu, ambacho mimi nilikisoma chuoni. Kwa hiyo mwenyekiti wa vijana akanijia mimi.

"Mwambie nguo ile si utamaduni wetu. Akipanda nayo jukwaani, kesho anapanda meli arudi kwao."

"Utamaduni upi, kaka? Bibi yangu alikuwa akivaa magome ya miti, mabega wazi."

"Dada msomi, nimekuja kutafsiriwa, sikuja darasani."

"Mtafsirie, mwanangu," shangazi akasema, "chai inapoa."

Mwimbaji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakanda visigino. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya jana. Akajibu kwamba mji mmoja walimkatalia suruali, mwingine nywele. Gauni analo hilo moja, na asipoimba leo, mkuu wa bendi atampa mwingine nafasi yake. Hakulalamika. Alisema tu.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akaenda nyumbani, akarudi na kanga ya mkewe, bado inanukia udi.

"Ajifunge hii juu ya hilo gauni lake. Yaishe."

Nilipoanza kumtafsiria maandishi, mwimbaji alinikatiza kwa mkono. Kitambaa ni kitambaa, alisema.

Si kwetu. Mwanamke wa Ujiji hununua maneno kwanza, rangi baadaye. Mwanamume huiona kanga hiyo kwenye kamba na kitandani miaka nenda rudi, wala hajui imemwambia nini.

Ukumbini alianza kuimba amefunikwa hadi vifundoni. Mwenyekiti, kiti cha mbele, alikuwa anatabasamu. Kisha mwimbaji akageuka kucheza, na chini ya kiuno, kwa herufi kubwa, tukasoma: YAKO NAYAJUA SITAKI KUSEMA.

Wanawake ndio walioanza kucheka.

"Mwenyekiti, unaambiwa!"

"Na huyu naye kayajulia wapi?"

"Tusomee, mwenyekiti, huku nyuma hatuoni!"

"Kule Gungu wanaona!"

Maana mji mzima ulijua ana nyumba ya pili Gungu, isipokuwa mwenyewe alidhani haijulikani. Mwimbaji akageuka tena, taratibu, maneno yakayumba kushoto na kulia. Gauni peke yake lisingefanya hata nusu ya hayo. Mwenyekiti alipanda jukwaani akazima kipaza sauti kabla wimbo haujaisha.

Asubuhi niliitwa gatini kutafsiri tena. Askari alitaka mwimbaji aelewe vizuri: wanamrudisha kwao. Nikamwambia kwa Kifaransa, wanakurudisha kwenu. Akanitazama kidogo, akakaza kamba ya sanduku lake, akapanda meli ya Kalemie. Bendi ilibaki, na msichana mwingine akaimba Jumamosi iliyofuata. Watu walijaa.

Miaka mingi baadaye, kwenye msiba mmoja Mwandiga, karibu tu na Ujiji, nilioneshwa kaburi la mama wa yule mwimbaji aliyerudishwa, Muha, mkulima wa mihogo. Binti alizaliwa palepale, akasoma shule ya palepale. Mkuu wa bendi ndiye aliyempiga marufuku kusema Kiswahili au Kiha, kwa kuwa nani angekata tiketi kumsikiliza mtu wa Mwandiga. Kalemie hakuwa na ndugu hata mmoja.