Meno ya Mpima Mahindi

Mpima mahindi wa ghala letu hapa Busiu haamini kitu ila meno yake. Kila gunia analichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha, anatoa punje tatu, anazipuliza, anatia moja mdomoni na kuing'ata huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Magunia mia mbili, mdomo mmoja! Na sisi tumesimama kwenye foleni tangu saa moja asubuhi. Mezani kwake ipo mashine ya kupima unyevu, iliyonunuliwa ili foleni hii iishe. Mpaka leo haijavuliwa nailoni. Yeye huitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke, na mwenzake akinyoosha mkono kuiwasha, humwambia kwa upole, "Wacha, utaiharibu."

Jumanne mvua ilitunyeshea palepale kwenye foleni. Jirani yangu Nandutu alikuwa ameanika mahindi yake siku sita. Asubuhi ukiyashika yalilia kama kokoto. Zamu yake ilipofika, saa tisa, magunia yalikuwa yanachuruzika maji. Mpima aling'ata, akatema, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Pole, mama. Haya yana maji. Rudi nayo ukaanike."

"Maji hayo ni ya foleni yako, bwana," Nandutu akamwambia. "Si ya shamba langu."

Mpima aligeukia meza yake. Aliona matone mawili juu ya nailoni ya mashine, akatoa leso mfukoni, akayafuta taratibu, kisha akaita, "Mwingine!"