Kifungo Kimoja, Sauti Mbili

Mwezi jana nilikuwa harusini Kiogoro, miguu imekataa kutulia. Kijana wa kinanda cha umeme alibonyeza kitufe na sauti ya kodiani ikatoka, bila pumzi, bila jasho. Nilibadilisha kiti mara tatu. Mwishowe nikatoka, mwanamke mzima mwenye shahada mbili, nikaenda kununa nyuma ya hema.

Wewe pia ungenuna kama ungelelewa na nyanya yangu kijijini Gesima, miaka ya tisini. Tukitoka kuchuma majani chai, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, aliketi kizingitini na kodiani yake ndogo ya vifungo. Aliipiga mbiombio, kisigino kikigonga sakafu hadi vikombe vya uji vikatetemeka. Jirani yetu, mwalimu wangu wa Kiswahili na kiongozi wa kwaya, alikuwa na ile kubwa yenye vibao vyeupe na vyeusi. Yeye alipiga polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.

Jumapili ya mavuno ilipokaribia, nyanya aliomba kupiga kanisani. Mwalimu akakataa.

"Yako imeharibika, magokoro," alimwambia, maana kwetu hata ukimtusi nyanya, humwita hivyo kwa heshima. "Kifungo kimoja, sauti mbili!"

"Na yako imelala usingizi. Iamshe kwanza."

Nyanya alijibu vikali, lakini tangu siku hiyo hakuigusa kodiani yake. Jioni vidole vyake vilikimbia juu ya leso, kimya, na mimi sikuweza kukaa mahali pamoja. Ubaya ni kwamba nilimwamini mwalimu. Siku ya soko niliificha kodiani kwenye kikapu cha majani chai, nikaipeleka mjini Kisii kwa mzee Mhindi aliyetengeneza redio.

"Itengeneze iwe na sauti moja," nilimwagiza, kama bosi.

Aliivuta, akaisukuma. "Ikivuta pumzi inasema hivi, ikitoa inasema vile. Imezaliwa hivyo. Wewe, nyumbani mama unamwita nani?"

"Baba." Ndivyo tusemavyo kwa Ekegusii, mama ni baba.

"Na shuleni, baba ni nani?"

"Ni... yule mwanamume."

"Sasa nikutengeneze na wewe?"

Nilirudi nimekasirika, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu na kumuuliza swali lile lile: na mimi nitengenezwe? Ndiye aliyepiga wino mwekundu insha yangu iliyoanza, "Baba yangu huvaa rinda la maua." Alicheka hadi akakohoa.

"Mwambie magokoro aje. Lakini asinikimbize."

Hakumkimbiza. Walipiga kwa zamu, kila mmoja kwa mwendo wake, na kanisa likaimba nao wote wawili. Tukirudi nyumbani nyanya alisema, "Yake inatembea, yangu inakimbia. Mungu ana masikio mawili."

Nyanya hayupo tena, wala mwalimu. Duka la fundi sasa linauza simu. Mama naye tulimzika, na neno baba kwangu limebaki na mtu mmoja. Niliporudi kutoka harusini niliiteremsha kodiani kabatini. Nikiisukuma, inalia. Nikiivuta, ni upepo mtupu. Mafundi wawili wameniambia nusu ya sauti yatosha kwa pambo la sebuleni.

Mimi bado naivuta.