Jina Lililokosa wa Kulishika

Mama akitupeleka soko tulishikana mikono: dada anashika leso ya mama, mimi namshika dada, ndugu yangu mdogo ananishika mimi. Siku moja nikamwachilia dada, natazama mtu anauza sungura, na mimi na mdogo wangu tukapotea. Kaptura yangu ilikuwa imepasuka nyuma, lakini hiyo wacha. Ile hofu ndiyo naikumbuka.

Chama chetu cha mazishi hapa Sarang'ombe pia ni kushikana. Huingii bila mtu wa kukushika, yaani mwanachama wa kukudhamini, na ndugu hashiki ndugu. Ukifa unapelekwa nyumbani, Western. Ndugu yangu yule mdogo alishikwa na seremala mmoja. Tulikuwa na daftari, mpaka fundi wa Kawangware akatuwekea majina kwa kompyuta kama mti, kila mmoja akining'inia kwa aliyemleta. Daftari tukawashia jiko, tukicheka. Mimi mwenyekiti, niliyeishia darasa la tatu, nilifundishwa vitufe viwili: ongeza na futa.

Seremala akafa. Kwetu marehemu akishazikwa, jina lake halikai na walio hai. Kwa daftari nilikuwa napiga mstari tu. Sasa nikabonyeza futa, na watu tisa wakapotea naye. Ndugu yangu alikuwa mmoja wao, na wakati huo alikuwa anakohoa damu.

Nikamwita fundi.

“Mzee, umekata tawi na wote walio juu yake,” akasema. “Ungewahamisha kwanza. Jina likikosa wa kulishika, kompyuta inafagia, mahali pake inaandika kitu kingine.”

“Irudishe.”

“Kutoka wapi? Daftari si mlipika nalo chai?”

Jumapili tukakutana. Wale wanane wengine walipata wa kuwashika upesi, wana afya. Nikauliza nani atamshika ndugu yangu. Mama mmoja muuza mboga akasema polepole, “Mwenyekiti, sheria ni yako. Mgonjwa haingizwi, hata aliyekuwemo.”

Ndugu yangu alikuwa benchi la nyuma, amevaa sweta mbili.

“Kwa hivyo mimi ni wa makaburi ya Lang'ata,” akasema, “nilale na watu sijui hata lugha yao. Nani alibonyeza?”

“Ni mimi.”

Akachukua kofia yake, akatoka. Nilidhani anaenda choo. Nikasimama mlangoni, nikamwona anashika njia ya Ayany, anakohoa, hageuki. Hakurudi tena.